Bakanja Isidore, Kijana wa Skapulari

Karibu na mwaka 1885, katika kijiji cha Bokendela, upande wa kaskazini-magharibi wa Kongo, mbali sana na Kamina, alizaliwa mtoto wa kabila la Wamongo, jina lake Bakanja. Alikua katika nyakati ngumu. Leopold wa Pili, mfalme wa Ubelgiji, alikuwa ameifanya nchi yote kuwa mali yake, na wazungu wa makampuni waliwalazimisha watu kwa mapigo kuingia msituni kutafuta mpira.

Bakanja alipokuwa kijana aliacha kijiji chake, akaenda Mbandaka, mji ulioitwa siku zile Coquilhatville, akapata kazi ya kuwasaidia waashi. Vijana wengi wa Kamina hufanya vivyo hivyo: hufuata njia ya reli hata Lubumbashi au Kolwezi, na wazazi wao huhofu kwamba watapotea huko. Bakanja hakupotea. Huko mjini alisikia mafundisho ya Mapadri Watrapisti, akawa mkatekumeni, akabatizwa tarehe 6 Mei 1906 kwa jina la Isidore. Mwaka uleule alipata Kipaimara, na tarehe 8 Agosti 1907 akapokea Komunyo ya kwanza. Alivikwa pia skapulari ya Bikira Maria wa Mlima Karmeli, ndiyo vipande viwili vidogo vya kitambaa vilivyounganishwa kwa kamba, kimoja kifuani na kimoja mgongoni. Hakusoma vitabu vingi. Alijua sala zake na rozari yake, na yale aliyofundishwa hakuyaficha, bali aliwapa wenzake.

Baadaye alikwenda Busira, akawa boi wa mzungu mmoja wa kampuni, akamfuata hata kituo cha Ikili. Mkubwa wa kituo hicho alikuwa Van Cauter, ambaye watu walimwita Longange. Mtu huyu aliichukia dini, kwa maana mapadri walifundisha kwamba watu wote ni ndugu, na kazi ya mpira haikupenda neno hilo. Akamkataza Bakanja kuwafundisha wenzake kusali. Bakanja akaomba ruhusa arudi kwao, akanyimwa. Wakatekumeni walikumbuke jambo hili: hakutafuta mateso. Kama njia ya kuondoka kwa amani ingalifunguliwa, angaliondoka.

Longange alimwamuru avue skapulari. Bakanja hakuivua, akapigwa viboko. Hata hivyo aliendelea kuivaa. Siku nyingine, mwanzoni mwa mwaka 1909, Longange alimshika kwa ghadhabu, akamng'oa skapulari shingoni, akaitupa. Kisha akaamuru apigwe kwa kiboko cha ngozi ya tembo kilichotiwa misumari. Alipigwa zaidi ya mara mia, mgongo wote ukawa jeraha moja. Bakanja alilia kwa maumivu kama mtu yeyote angalivyolia, wala kulia huko si upungufu wa imani. Akafungwa minyororo miguuni, akatupwa katika nyumba ya kukaushia mpira.

Baada ya siku, habari ilifika kwamba mkaguzi wa kampuni, Bwana Dörpinghaus, yuko njiani. Longange aliogopa, akamfukuza Bakanja aende kijiji kingine asionekane. Lakini miguu haikuweza kumchukua; akajificha msituni, na huko mkaguzi akamkuta, vidonda vikiwa vimeoza. Mzungu huyu alimhurumia, akamchukua hata Busira ili atunzwe. Hivyo mzungu mmoja alimpiga, na mzungu mwingine wa kampuni ileile alimwokota.

Huko Busira alilala miezi mingi kwa mateso makubwa, akitunzwa na Wakristo. Hapo ndipo imani yake ilipokomaa. Kwanza ilikuwa imani ya kijana anayeshika skapulari yake asiiache. Sasa aliombwa jambo gumu zaidi kuliko kuvumilia fimbo. Mwishoni mwa Julai mapadri wawili walifika, akaungama, akapokea Mpako wa wagonjwa na Komunyo. Wakamhimiza amsamehe Longange. Akajibu kwamba hana hasira naye, na kwamba akifika mbinguni atamwombea sana. Hakusema kwamba tendo lile lilikuwa jema, wala hakuficha sababu ya kupigwa: aliwaeleza waziwazi waliomwuliza kwamba alipigwa kwa kuwa Mkristo.

Tarehe 15 Agosti 1909 ilikuwa Dominika, nayo ni sikukuu ya Bikira Maria kupalizwa mbinguni. Wakristo walikuwa wamekusanyika kusali. Bakanja, ambaye kwa siku nyingi hakuweza kusimama, aliinuka, akaenda polepole kati ya migomba, rozari mkononi, asiseme neno. Kisha akarudi, akalala, akafa. Umri wake ulikuwa miaka kama 24. Tangu ubatizo wake ilikuwa imepita miaka mitatu tu na miezi michache.

Longange alishtakiwa mbele ya waamuzi, akahukumiwa kifungo. Naye Bakanja, tarehe 24 Aprili 1994, alitangazwa Mwenye Heri huko Roma na Papa Yohane Paulo wa Pili, maaskofu wa Afrika wakiwa wamekusanyika huko kwa ajili ya Sinodi yao.