Ousmane Sembène: Kuli wa bandarini aliyegeuza sinema kuwa darasa

Mzee mmoja wa Dakar, Senegal, anapata habari njema. Mpwa wake anayefagia barabara mjini Paris ametuma hawala ya faranga 25,000, na fedha ziko posta kwa jina lake. Anafika kaunta, anaambiwa alete kitambulisho. Hana. Ili apate kitambulisho anatakiwa awe na cheti cha kuzaliwa, na tarehe aliyozaliwa haijui. Anazunguka ofisi hadi ofisi. Mpiga picha anamla hela. Dukani deni linapanda, kwa kuwa mtaa mzima umeshasikia kwamba ana fedha. Mwishowe jamaa yake aliyesoma anajitolea kumchukulia. Mzee anamkabidhi karatasi ya idhini, na fedha zote zinaishia kwa huyo jamaa.

Hiyo ndiyo filamu ya Mandabi ya mwaka 1968. Mfanyabiashara aliyewahi kukwama mpakani kwa sababu ya karatasi moja hahitaji kufafanuliwa zaidi. Aliyeitengeneza, Ousmane Sembène, naye alianzia chini, kwenye mizigo.

Alizaliwa mwaka 1923 mjini Ziguinchor, katika eneo la Casamance kusini mwa Senegal. Baba yake alikuwa mvuvi. Shule hakuimaliza: alifukuzwa baada ya kugombana na mwalimu mkuu. Akafanya kazi za mikono, zikiwamo uashi na ufundi wa magari. Mwaka 1944 aliingizwa katika jeshi la Wafaransa, akawa dereva huko Niger. Alirudi Dakar, na huko ukazuka mgomo mkubwa wa wafanyakazi wa reli ya Dakar-Niger, ulioanza Oktoba 1947 na kuendelea hadi mwaka uliofuata. Reli hiyo iliunganisha nchi ambazo leo ni Senegal na Mali, na waliogoma walikuwa wa pande zote mbili.

Alivuka bahari kwenda Marseille, Ufaransa, akawa kuli wa bandarini. Mwaka 1951 ajali ya kazini ilimvunja uti wa mgongo. Alipokuwa hawezi tena kubeba mizigo mizito, alizama katika vitabu na shughuli za chama cha wafanyakazi. Mwaka 1956 alitoa riwaya yake ya kwanza kuhusu kuli Mwafrika. Mwaka 1960 ikafuata nyingine juu ya ule mgomo wa reli, iliyompa jina kubwa. Ndani yake, wake wa wafanyakazi wanaacha kulialia njaa na kuandamana kwa miguu kutoka Thiès hadi Dakar.

Hata hivyo, jambo moja lilimkera. Alizunguka nchi kadhaa za Afrika zilizokuwa zimepata uhuru, akaona kwamba watu aliowaandikia hawakuweza kumsoma. Vitabu vyake vilikuwa kwa Kifaransa, na kuli, muuza samaki na mama wa sokoni wengi hawakujua kusoma lugha yoyote. Mwaka 1962, akiwa na umri wa karibu miaka 40, alikwenda Moscow kujifunza kutengeneza filamu.

Mwaka uliofuata alitoa Borom Sarret, filamu ya dakika 20 hivi kuhusu mwendesha mkokoteni wa farasi wa Dakar. Siku nzima anabeba watu, wengine hawamlipi. Mwisho anampeleka abiria mtaa wa wakubwa ambako mikokoteni imekatazwa. Askari anaukamata mkokoteni, abiria anatokomea, na mwenye kazi anarudi nyumbani mikono mitupu.

Mandabi ilikuwa miongoni mwa filamu ndefu za mwanzo kabisa Afrika Magharibi kusemwa kwa lugha ya wenyeji, Kiwolof. Mtu ambaye hakusoma darasa hata moja alikaa akacheka, akakasirika, akabishana na jirani yake. Sembène alilitaka hasa hilo la mwisho. Kwake sinema ilikuwa shule ya jioni. Alizunguka na filamu zake mijini na vijijini, na taa zilipowaka hakuondoka. Alibaki na watu, akawaacha waseme, hata waliompinga. Filamu ilianzisha mazungumzo, na wananchi waliyaendeleza.

Wenye madaraka hawakupendezwa siku zote. Xala, ya mwaka 1975, iliwacheka matajiri wapya wa chemba ya biashara waliopokea mikoba ya noti kutoka kwa mabwana wa zamani. Wakaguzi waliikata sehemu kadhaa. Sembène akagawa karatasi zilizoeleza ni nini kilichokatwa, ili mtazamaji ajue alichonyimwa. Ceddo, ya mwaka 1977, ilipigwa marufuku nchini Senegal kwa miaka kadhaa. Sababu iliyotolewa ilikuwa tahajia ya jina lake: serikali ilitaka d moja, naye aling'ang'ania mbili.

Filamu yake ya mwisho, Moolaadé ya mwaka 2004, ilihusu ukeketaji. Mama mmoja anafunga kamba mlangoni na kuwapa hifadhi wasichana wanne waliokimbia kisu. Wazee wanajibu kwa kukusanya redio za wanawake na kuzichoma moto, maana wanajua habari zinaingilia wapi. Mtu anayethubutu kumtetea mama huyo hadharani ni mchuuzi msafiri, muuza mikate, betri na nguo, naye analipa kwa uhai wake. Filamu ilipigwa Burkina Faso, na mama huyo aliigizwa na Fatoumata Coulibaly, mwanahabari na mwanaharakati kutoka Mali.

Filamu hiyo haikumaliza ukeketaji. Burkina Faso ilikuwa imeupiga marufuku mwaka 1996 na Senegal mwaka 1999, na kisu kiliendelea. Lakini sheria iliyo kwenye kabati la wizara haimfikii bibi wa kijijini. Filamu kwa lugha yake, ikifuatiwa na mazungumzo, inaweza kumfikia.

Sembène alifariki Dakar tarehe 9 Juni 2007.

Somo lake liko hai katika mipaka yetu. Jumuiya ya Afrika Mashariki ina utaratibu rahisi kwa mfanyabiashara mdogo: bidhaa zilizotengenezwa ndani ya Jumuiya, zilizomo kwenye orodha na zisizozidi thamani ya dola 2,000, hupewa cheti rahisi cha uasilia papo hapo mpakani na kupita bila ushuru wa forodha. Asiyelijua hilo ni yule mzee wa Mandabi: fedha ni zake, lakini atakayezila ni jamaa anayejifanya kumsaidia. Mikutano ya hadhara na filamu fupi kwenye masoko ya mpakani, kwa Kiswahili na lugha za pale, vingempunguzia riziki huyo jamaa.