Hoyt Wilhelm: Mrushaji wa mpira wa polepole aliyewasumbua wapigaji hadi miaka 49

Mwaka 1952, klabu ya New York Giants ya Marekani ilimpandisha mrushaji mpya kwenye ligi kuu ya besiboli. Kawaida mgeni wa ligi huwa kijana wa miaka 20 na kidogo. Huyu alikuwa na 29, mgongoni ana kipande cha chuma cha vita, na mpira wake ulikwenda taratibu.

Kwa akili ya kawaida, ungempa msimu mmoja au miwili. Hoyt Wilhelm alicheza misimu 21.

Gazeti ndilo lililomfundisha

Wilhelm alizaliwa 1922 huko Huntersville, jimbo la North Carolina, kwenye familia ya wakulima yenye watoto 11. Tangu akiwa shule, mkono wake haukuwa na kasi. Akasoma gazetini habari za Dutch Leonard, mrushaji aliyetumia mtindo wa nakoboli, akaanza kuujaribu mwenyewe kwa mpira wa tenisi.

Warushaji wengi huuzungusha mpira ili uende kasi au upinde. Nakoboli ni kinyume chake. Unashikwa kwa ncha za vidole na kuachiwa bila kuzunguka, hewa inauyumbisha kama karatasi kwenye upepo. Mpigaji hajui utapita wapi. Tabu ni kwamba mdakaji wa timu yako naye hajui, na hata aliyeurusha hana uhakika.

Vita vikamkata miaka

Alianza kucheza kwa malipo 1942, katika ligi ndogo ya kwao. Haukupita muda, Vita Kuu ya Pili ikamchukua. Alijeruhiwa kwenye mapigano makali ya Ardennes barani Ulaya, akapewa nishani ya Purple Heart, ambayo hutolewa kwa askari waliojeruhiwa vitani. Kipande kimoja cha chuma hakikutolewa mgongoni. Alicheza nacho maisha yake yote.

Aliporudi, alisota miaka mingine kwenye ligi ndogo. Makocha wengi hawakuuamini mpira usiojulikana unakwenda wapi.

Kiti ambacho wengi hawakukitaka

Enzi hizo nyota alikuwa mrushaji anayeanza mechi. Wa akiba aliitwa pale mwenzake anapochoka au mambo yanapoharibika, na wengi waliona kuwekwa huko ni kushushwa cheo. Kocha wa Giants, Leo Durocher, akampa Wilhelm kazi hiyo hiyo.

Kumbe ndiyo ilikuwa saizi yake. Msimu huo wa kwanza aliingia mechi 71, zote akitokea benchi. Alishinda 15, akapoteza 3, na wastani wa pointi alizoruhusu kwa kila vipindi tisa ulikuwa 2.43, wa chini kuliko wote katika ligi yake.

Kichekesho ni kwamba mara ya kwanza kabisa kushika gongo kwenye ligi kuu, aliupiga mpira ukavuka uzio. Akaendelea kucheza miaka 20 baada ya hapo na hakurudia tena.

Mwaka 1954 Giants walitwaa ubingwa naye akiwemo. Baada ya hapo akaanza kuhamahama. Agosti 1958 klabu ya Cleveland ilimwachia, Baltimore Orioles wakamchukua. Hata mwezi haukuisha. Septemba 20 Baltimore wakamwanzisha dhidi ya New York Yankees, vigogo wa enzi hizo, na mechi nzima hakuna Yankee hata mmoja aliyepata pigo safi. Baltimore walishinda 1-0.

Mwaka uliofuata alianza mechi nyingi, akaongoza tena kwa wastani bora, 2.19, safari hii kwenye upande wa pili wa ligi kuu.

Waliokuwa wakiumia ni wadakaji. Mipira ilikuwa inawaponyoka hovyo, mpaka 1960 kocha Paul Richards akabuni glovu kubwa kupita kawaida kwa ajili ya kumdaka Wilhelm tu. Baadaye sheria ikaweka kikomo cha ukubwa wa glovu.

Mzee hakubali kustaafu

Alipotua Chicago White Sox 1963 alikuwa anaelekea miaka 41. Hapo ndipo akazidi kuwa hatari. Kuanzia 1964 hadi 1968, misimu mitano mfululizo, wastani wake ulikuwa chini ya 2. Wenzake wa umri wake, waliotegemea kasi, mikono ilishakwisha. Wake haukuchoka kwa sababu haukuwahi kulazimishwa kukimbia.

Mwaka 1970 akawa mrushaji wa kwanza kufikisha mechi 1,000. Alipita klabu tisa. Ya mwisho, Los Angeles Dodgers, ilimwachia Julai 1972, zikiwa zimebaki siku chache tu atimize miaka 50. Hesabu yake: mechi 1,070, ushindi 143, wastani 2.52.

Hata hivyo, heshima haikuja haraka. Wapiga kura wa Jumba la Umaarufu la besiboli hawakuwa wamewahi kumwingiza mtu ambaye kazi yake kubwa ilikuwa akiba. Wilhelm alipigiwa kura mwaka baada ya mwaka bila kutosha. Mara ya nane, 1985, akapita. Akawa mrushaji wa akiba wa kwanza kuingia humo.

Alifariki Agosti 2002 huko Sarasota, Florida, akiwa na miaka 80. Leo kila timu ya ligi kuu ina kundi zima la warushaji wa akiba, na walio bora wanalipwa mamilioni ya dola kwa kukaa kwenye kiti kile kile alichopewa Wilhelm 1952.