Adrien Atiman, Mtoto Aliyeuzwa, Baba wa Wagonjwa

Wapenzi wakatekumeni, mtoto anayelelewa na watu wasiomzaa husikia maneno mengi ya kuumiza moyo. Huambiwa kwamba si wa damu ya nyumba, kwamba hana ukoo, kwamba ale baada ya wengine. Kwa hiyo yafaa kuyajua maisha ya Adrien Atiman, mganga na katekista wa Karema, ng'ambo ya Ziwa Tanganyika.

Atiman alizaliwa yapata mwaka 1866 upande wa Timbuktu, katika nchi iitwayo leo Mali. Alipokuwa angali mdogo, watu waovu walimwiba, wakamvusha jangwa la Sahara, wakamwuza kama mbuzi. Huko Aljeria Mapadri Weupe walimnunua, si kwa kumtumikisha, bali kwa kumkomboa. Wakamlea na kumfundisha dini, naye akabatizwa mwaka 1882.

Kardinali Lavigerie, mwanzilishi wa Mapadri hao, aliwapeleka vijana kadhaa waliokombolewa katika kisiwa cha Malta, wajifunze utabibu. Atiman alikuwa mmoja wao. Mwaka 1888 alimaliza masomo, akaanza safari ndefu ya Afrika ya mashariki, na mwaka 1889 akafika Karema.

Katika Afrika mgeni huulizwa kwanza yeye ni mwana wa nani. Atiman hakuwa na baba wa kumtaja wala kaburi la babu la kuonyesha. Tena siku zile mtu aliyekwisha kuuzwa alidharauliwa na wengi. Hata hivyo alimwoa Agnes Wansahira, binti wa mtemi wa Wabende. Hivyo mtu asiye na ukoo akapata wakwe na mashemeji. Mwana wao Joseph akapewa daraja takatifu la upadri mwaka 1923.

Atiman aliwatibu watu wa Karema kwa miaka 67. Hakudharau dawa za miti za wenyeji, bali alijifunza nguvu zake. Mchana alifunga vidonda, tena alifundisha katekisimu. Alikufa mwaka 1956, mzee wa miaka 90 hivi, katika nchi ile ile iliyompokea.

Angalieni basi. Kama Mapadri wangalimwacha sokoni, au kama Wabende wangalimkataa, wagonjwa wangapi wangalikosa mganga wao?

Katika Beni na Butembo yatima ni wengi. Ugonjwa wa Ebola wa miaka 2018 hadi 2020 uliua watu zaidi ya 2,200, na vita vimeua wengine wengi. Watoto waliobaki wamelia mara mbili: kwanza kwa kufiwa, halafu kwa kuogopwa na kusengenywa na jirani, pengine hata na ndugu zao.

Mtakatifu Yosefu hakumzaa Yesu, lakini alimpa nyumba, ukoo na kazi ya mikono. Nayo Batizo mnayoingojea itawafanya ninyi wenyewe watoto wa Mungu kwa kupokewa, wala si kwa damu. Atakaje kupokewa na Mungu yule amfukuzaye mtoto mezani pake?

Kabla ya siku ya Batizo, kila mmoja atazame nyumbani mwake. Akiwapo mtoto alaye peke yake nyuma ya jiko, amwite, amketishe pamoja na wengine katika sahani moja, amwite mwanangu mbele ya watu wote.