Joe Davis: Bingwa aliyeinua snuka, akashindwa kuuza mchezo wake mwenyewe

JOE Davis alitwaa ubingwa wa dunia wa snuka mara 15, na hadi alipojiondoa katika mashindano hayo hakuna aliyekuwa amemshinda. Lakini ushindi wake mkubwa zaidi aliupata nje ya meza, alipowashawishi wakuu wa biliadi waupe heshima mchezo waliokuwa wakiudharau. Alipojaribu jambo kama hilo mara ya pili, safari hii kwa mchezo alioubuni yeye mwenyewe, aliambulia patupu.

Davis alizaliwa Aprili 15, 1901 katika kijiji cha Whitwell, eneo la Derbyshire, Uingereza. Babake alikuwa mchimba makaa ya mawe ambaye baadaye aliacha migodi na kuendesha baa karibu na mji wa Chesterfield. Baa hiyo ilikuwa na meza ya biliadi, na hapo ndipo kijana huyo alipojifunza kushika fimbo. Akiwa na umri wa miaka 18, tayari alikuwa mchezaji wa kulipwa.

Enzi hizo biliadi ndiyo iliyotawala. Snuka, ambayo inasemekana ilianzishwa mwaka wa 1875 mjini Jabalpur, India, na afisa kijana wa jeshi la Uingereza aliyeitwa Neville Chamberlain, ilionekana kuwa kiburudisho tu cha kujazia muda baada ya mechi za biliadi kumalizika. Davis, ambaye pia alisimamia kumbi za michezo hiyo, aliona lile ambalo wakuu hawakuliona. Wateja wa kawaida, wanaolipa kwa senti zao, walikuwa wakizidi kuipenda snuka.

Mwaka wa 1926, akisaidiwa na Bill Camkin, mwenye ukumbi mjini Birmingham, alilishawishi shirika lililosimamia biliadi liidhinishe mashindano ya ubingwa wa snuka kwa wachezaji wa kulipwa. Walijitokeza wachezaji 10 pekee. Fainali ilichezwa Birmingham, Mei 1927, na Davis akamlaza Tom Dennis 20-11. Zawadi yake ilikuwa pauni sita na shilingi 10. Sehemu ya fedha za viingilio ilitumika kununua kikombe, na kikombe hicho ndicho hadi leo hukabidhiwa bingwa wa dunia.

Safari ilikuwa ndefu. Mwaka wa 1931, waliojiandikisha kuwania taji walikuwa wawili tu, Davis na Dennis, nao wakachezea katika chumba cha nyuma cha baa ya Dennis mjini Nottingham. Mtu mwingine angekata tamaa. Davis aliendelea, huku akitwaa pia ubingwa wa dunia wa biliadi mara nne kati ya 1928 na 1932.

Biliadi nayo ilianza kujichimbia kaburi kwa ubora wa wachezaji wake. Mwaka wa 1932, Walter Lindrum wa Australia alijikusanyia pointi 4,137 bila kumwachia meza mpinzani wake, ambaye alikuwa Davis mwenyewe. Ufundi ulikuwa wa ajabu, lakini mtazamaji aliyelipa kiingilio alichoka kuangalia mgongo wa mtu mmoja. Watazamaji wakaigeukia snuka, na Davis alikuwa tayari kuwapokea. Ujuzi wa biliadi wa kuuongoza mpira mweupe aliuhamishia katika snuka, akaonyesha kwamba pointi zaweza kupangwa hatua kwa hatua badala ya kubahatishwa.

Mwaka wa 1946, baada ya Vita vya Pili vya Dunia, alimshinda Horace Lindrum 78-67 jijini London katika fainali iliyochukua majuma mawili. Kisha akajiuzulu kushiriki ubingwa wa dunia.

Uamuzi huo uliudhuru mchezo alioulea. Davis aliendelea kucheza mashindano mengine, na umma ulijua kwamba anayeitwa bingwa si lazima awe mchezaji bora. Katika mechi ambazo wapinzani hawakupewa pointi za kuanzia, ni mdogo wake, Fred, pekee aliyewahi kumshinda. Januari 22, 1955, akicheza na Willie Smith katika ukumbi wa Leicester Square, London, alifikisha pointi 147, ambazo ndizo za juu kabisa katika snuka ya kawaida. Mwaka huo huo ukumbi huo ulifungwa. Kufikia 1957 wawaniaji wa ubingwa walikuwa wanne tu, na baada ya hapo taji halikuwaniwa tena hadi 1964.

Mwaka wa 1959 Davis alileta dawa yake, mchezo ulioitwa Snooker Plus. Aliongeza mipira miwili, wa rangi ya machungwa wenye pointi nane na wa zambarau wenye pointi 10, hivi kwamba pointi za juu zikapanda kutoka 147 hadi 210. Kulikuwa na jina lake, gazeti lililodhamini mashindano, na wachezaji mashuhuri. Hata hivyo, mchezo huo haukushika.

Si vigumu kuona tofauti. Snuka ilikuwa tayari mikononi mwa watu kabla Davis hajaitafutia kikombe. Snooker Plus ilishuka kutoka juu, ikawadai wenye kumbi wanunue mipira mipya na wachezaji wajifunze hesabu mpya, ilhali hawakuwa wameona upungufu katika ile ya zamani.

Kikwazo hicho hakijaondoka. Anayetaka kueneza Kenya ile pool ya kufuata namba, ambapo mpira wenye namba ndogo ndio hupigwa kwanza, hukuta meza za sarafu zinazomeza mipira na wachezaji waliozoea kanuni nyingine. Meza kubwa ya snuka, yenye uzito wa zaidi ya tani moja, ni mzigo mgumu zaidi kuufikisha mbali, tuseme Buna, kaskazini mwa Wajir.

Snuka yenyewe iliokolewa na televisheni ya rangi, kupitia kipindi cha Pot Black kilichoanza kuonyeshwa na BBC mwaka wa 1969. Davis aliishi kuona hayo. Mwaka wa 1978, alizidiwa akimtazama Fred katika nusu fainali ya ubingwa wa dunia mjini Sheffield. Alifariki Julai 10 mwaka huo, akiwa na umri wa miaka 77.