Don Bosco, Padri Aliyewafunza Vijana Kazi za Mkono

Wako wazazi ambao wakimwona mtoto wao wa sekondari anarudi nyumbani na tarumbeta kwapani, au na kipande cha ubao alichokichonga, huuliza kama hicho ndicho walicholipia karo. Swali hilo si geni. Katika mji wa Torino, kaskazini mwa Italia, liliulizwa zaidi ya miaka 150 iliyopita, na aliyekuwa akiulizwa ni padri mmoja wa Kikatoliki, jina lake Giovanni Bosco. Ulimwengu unamjua zaidi kwa jina la Don Bosco. Hilo neno Don si jina lake, bali ni heshima wapewayo mapadri wa Italia, kama vile sisi tunavyomwita mtu Maalim.

Alizaliwa tarehe 16 Agosti 1815 katika kitongoji cha Becchi, karibu na Castelnuovo, katika jimbo la Piemonte. Baba yake, mkulima, alikufa kwa homa ya mapafu mwaka 1817, kabla mtoto hajatimiza miaka miwili. Mama yake, Margherita, hakujua kusoma wala kuandika. Alibaki na wana watatu na mama mkwe mzee, tena katika mwaka wa njaa. Yule mwana mkubwa, Antonio, hakuwa wa tumbo lake, na kwake yeye kijana wa shamba anayeshika kitabu alikuwa mvivu anayekwepa jembe. Ugomvi ulizidi, hata Margherita akalazimika kumtoa Giovanni nyumbani akiwa na umri wa miaka 12, akachunge ng'ombe wa watu. Huko alikaa karibu miaka miwili.

Lakini kabla ya hapo kijana huyo alikwisha pata elimu ya aina nyingine. Siku za masoko na sherehe alikuwa akiwafuata wanasarakasi na wafanya mazingaombwe, akawa anawatazama mikono yao mpaka ajue siri. Akirudi nyumbani hujaribu, akaanguka, akajaribu tena. Mwisho akaweza kutembea juu ya kamba iliyofungwa baina ya miti miwili. Jumapili jioni watu wa kitongoji, wakubwa kwa wadogo, walikusanyika uwanjani kwao kumtazama. Kiingilio hakikuwa senti. Ilimlazimu kila mtu kwanza asali pamoja naye, na asikilize mahubiri ya asubuhi ambayo kijana aliyarudia kutoka kichwani. Asiyetaka alikuwa na ruhusa ya kwenda zake.

Masomo aliyapata kwa taabu. Mwaka 1831 Castelnuovo alilala kwa mshoni mmoja aliyekuwa pia mwimbishaji kanisani, akajifunza kushona na kuimba. Baadaye akaingia kwa mhunzi, akashika nyundo. Alipokwenda shule ya mji wa Chieri mwaka huo huo alikuwa na miaka 16, akawekwa darasa moja na watoto wadogo, naye jitu zima kati yao. Ili apate pa kulala alifanya kazi katika mkahawa, akilala kwenye kijinafasi juu ya tanuri, na huko akajua kupika kahawa na kutengeneza vitamu na aiskrimu. Ukihesabu utaona kwamba kabla hajawa padri alikuwa mshoni, mhunzi, seremala kidogo, mpishi wa halua, mwimbaji na mwanamazingaombwe. Mtu wa namna hii hawezi kuambiwa kwamba kazi ya mkono ni ya wale walioshindwa na kitabu.

Na ni hapo Chieri, mwaka 1832, ndipo alipoanzisha chama chake cha kwanza cha wanafunzi. Akakiita Chama cha Furaha. Masharti yalikuwa mawili tu: mwanachama asitende wala kusema jambo lisilomfaa Mkristo, na atimize wajibu wake wa shule na wa dini. Zaidi ya hayo kila mmoja alitakiwa kutafuta michezo na mazungumzo ya kufurahisha wenzake. Huzuni ilipigwa marufuku.

Kuna kisa cha chama hiki ambacho Don Bosco mwenyewe alikiandika alipokuwa mtu mzima. Alikuja mjini mwanasarakasi mmoja ambaye maonyesho yake ya Jumapili yaliwatoa vijana kanisani. Bosco akamkabili kwa mashindano manne, na fedha zikawekwa mezani. Yalianza mashindano ya mbio kwa faranga 20, Bosco akashinda. Ikafuata kuruka mfereji kwa faranga 40, akashinda. Kisha kuchezesha fimbo juu ya vidole kwa faranga 80, akashinda. Mwisho ikawa kupanda mti kwa faranga 100. Yule bwana alipanda mpaka mti ukapinda. Bosco naye akafika pale pale, kisha akashika kwa mikono na kuinua miguu juu, akampita kwa urefu wa mwili wake. Jumla faranga 240, na yule maskini akabaki hana kitu. Kwa sheria yetu hiyo ni kamari, wala hatuisifu. Ila tazama walivyoimaliza. Walimrudishia fedha zake kwa sharti kwamba awalishe chakula cha mchana wanachama wote. Walikuwa watu 22, chakula kikagharimu faranga 25, na yule mwanasarakasi akarudi zake na faranga 215.

Bosco alipewa upadri tarehe 5 Juni 1841. Torino wakati huo ulikuwa mji unaojengwa kwa haraka. Wavulana walishuka kutoka milimani kuja kubeba matofali, kuchanganya chokaa na kusafisha mabomba ya moshi, hawana mzazi karibu wala mahali pa kulala. Padri mwenzake, Giuseppe Cafasso, alimchukua kuzuru magereza, na humo aliwakuta vijana wazima wa miili na akili wameshaozea kwenye chawa na uvivu. Wengine walikuwa wakitoka, na baada ya muda mfupi wanarudi. Akaona kwamba hawakuwa na mtu wa kuwapokea nje. Desemba mwaka huo huo akaanza kuwakusanya kila Jumapili, kwa dini, nyimbo na michezo.

Hapo ndipo taabu ilipoanza, maana vijana mia kadhaa hawachezi kimya. Walifukuzwa kwenye vinu vya unga, wakafukuzwa karibu na makaburi, wakafukuzwa kwenye nyumba ya kupanga na hata kwenye uwanja wa majani, kwani mwenyewe alisema wanaua mizizi. Mkuu wa mji alishuku kwamba kuna siasa ndani yake, akatuma askari wa kupeleleza. Mapadri wenzake nao walidhani amerukwa na akili. Siku moja wawili wao walikuja na gari la farasi kumpeleka hospitali ya wenda wazimu kwa hila ya kumtembeza. Bosco, kwa adabu zote, akawataka watangulie kupanda, kisha akafunga mlango na kumwamrisha mwendeshaji awafikishe hospitali upesi.

Siku ya Pasaka, tarehe 12 Aprili 1846, wakapata banda la kupanga mtaa wa Valdocco. Lilikuwa chini kiasi kwamba ilibidi sakafu ichimbwe mtu apate kusimama. Novemba mama yake aliacha shamba akaja kuishi naye, akauza vitu vyake vya harusi ili wale watoto wale. Mchana vijana walikwenda makazini, usiku walisoma.

Kilichomuudhi Don Bosco ni jinsi mafundi wa mji walivyowatumia wanagenzi. Sisi wa pwani tunaujua uanagenzi: mtoto anaingia kwa fundi, anafagia, anatumwa, anachota maji, na pengine miaka miwili hupita hajashika randa. Siku ya kufuzu anatoa kilemba, na mambo yamekwisha. Torino ilikuwa vivyo hivyo, na vipigo juu. Don Bosco akaanza kuwaandikisha mafundi mikataba. Mmoja ni wa Novemba 1851 na fundi vioo, na mwingine ni wa Februari 1852 na seremala. Fundi alijifunga kumfundisha kijana kazi yenyewe, asimtumie kwa shughuli nyingine zisizohusu ufundi. Amwonye kwa maneno, asimpige. Ampe mshahara. Siku za sikukuu zote ziwe za kijana, na katika mkataba mmojawapo ziliandikwa siku 15 za mapumziko kila mwaka. Kijana naye alijifunga kuwa mtiifu na mwenye bidii, na Don Bosco akajifunga kusimamia mwenendo wake. Mwaka 1851, kwa mtoto yatima, hayo hayakuwa mambo madogo.

Lakini mkataba haukuwafuata mpaka ndani ya karakana, na vijana walikuwa wakirudi jioni na lugha na tabia walizookota huko. Ndipo akafungua karakana zake mwenyewe. Mwaka 1853 alianza na ushonaji wa viatu na wa nguo, ule wa viatu katika ujia mwembamba, naye akakaa kwenye kibao kuwaonyesha namna ya kugonga soli. Mwaka 1854 ikafuata kazi ya kujalidi vitabu. Inasimuliwa kwamba gundi ya kwanza ilikuwa uji wa ngano aliopika mama yake, na kurasa zilikatwa kwa kisu cha jikoni. Mwaka 1856 ulikuja useremala, kisha mtambo wa kupiga chapa, na mwaka 1862 uhunzi. Kupata walimu ndiko kulikomtesa. Wengine waliwafanya vijana watumishi wao, wengine walijali zaidi kazi za wateja wao. Alibadili taratibu mara kadhaa, na sina shaka fedha nyingi zilipotea humo.

Sambamba na karakana kulikuwa na jukwaa na muziki. Serikali ya nchi yake ilipotangaza kwamba kuanzia tarehe 1 Januari 1850 vipimo vya mita na kilo ndivyo vitakavyotumika, watu walichanganyikiwa, kama wazee wetu waliozoea pishi na kibaba walivyochanganyikiwa baadaye. Don Bosco alitunga mazungumzo ya kuchekesha juu ya vipimo hivyo, na Desemba 1849 vijana wake wakayaigiza mbele ya watu. Mchezo wa kuigiza juu ya kilo! Watazamaji walicheka, na walipotoka walijua kununua mkate. Baadaye aliandika kanuni za michezo ya jukwaani, akitaka iwe mifupi na yenye mafunzo, na nguo za waigizaji zisiwe za fahari. Bendi ya matarumbeta nayo ikaundwa, ikipita barabarani siku za sherehe. Msomaji aliyewahi kuona beni za Lamu na Mombasa atajua jinsi vijana wa mtaa wanavyolifuata tarumbeta. Yeye aliamini kwamba nyumba ya vijana isiyo na muziki ni mwili bila roho.

Kufikia mwaka 1859 Valdocco ilikuwa na shule kamili ya sekondari upande mmoja na karakana upande wa pili. Humo vyama vya wanafunzi vilishamiri, na vingine viliongozwa na wanafunzi wenyewe. Mwaka 1856 mvulana wa miaka 14, Domenico Savio, mtoto wa mhunzi, aliunda chama na wenzake na wakaandika kanuni 21. Kila mwanachama alikabidhiwa mwanafunzi mmoja mtundu au mgeni ili amfanye rafiki. Savio alifariki Machi 1857, kabla hajatimiza miaka 15. Chama kikaendelea, na tarehe 18 Desemba 1859 baadhi ya wanachama wake walikuwa miongoni mwa walioanzisha pamoja na Don Bosco shirika la Wasalesiani. Mmoja wao, Michele Rua, ndiye aliyerithi uongozi wake. Shirika linaloenea leo katika mabara yote lilianzia kwenye chama cha watoto wa shule. Kwa upande wa wasichana, mwaka 1872 lilianzishwa shirika la masista chini ya Maria Domenica Mazzarello, mshoni wa kijijini aliyekwisha kuwa na darasa lake la ushonaji.

Kisa cha mwisho ni cha mwaka 1884, Don Bosco akiwa mzee, macho hafifu na miguu imevimba. Torino ilifanya maonyesho makuu ya taifa, na vijana wake wakapewa banda. Ndani yake waliweka mtambo mkubwa wa kutengeneza karatasi, na mgeni aliweza kuona matambara yakisagwa, yakawa karatasi, karatasi ikapigwa chapa, ikajalidiwa, ikawa kitabu cha kununua. Watu walisongamana. Kamati ikawapa medali ya fedha. Don Bosco, mtu aliyezoea kuombaomba milangoni mwa matajiri na kumeza maneno yao, safari hii hakumeza. Aliiandikia kamati kupinga, akaeleza kwamba kazi hiyo ilistahili zaidi, na kama uamuzi haubadiliki basi medali na cheti wakae navyo, kwani sifa za umma zinamtosha. Wako waliomwona amejikweza. Mimi naona hakuwa akijitetea nafsi yake: walioendesha mtambo ule walikuwa watoto wa mafundi na wa mitaani, na ilikuwa mara ya kwanza kwa wengi wao kupimwa hadharani.

Alifariki Torino alfajiri ya tarehe 31 Januari 1888, na mwaka 1934 Kanisa lake likamtangaza mtakatifu. Wasalesiani walifika Kenya mwaka 1980, na shule zao za ufundi zimefundisha useremala, uchapaji na umekanika. Ile mikataba ya 1851 na 1852 ingalipo, imehifadhiwa. Chini ya maandishi kuna sahihi za fundi, za Don Bosco, na ya kijana mwenyewe.