Kongo-Müller, mamluki aliyepitia Kamina: kwa nini aliua?

Mwezi wa Agosti 1964, Wazungu wenye bunduki walianza kukusanyika kwenye kambi ya Kamina-Base, uwanja mkubwa wa kijeshi uliojengwa na Wabelgiji nje ya mji wa Kamina. Kati yao alikuwa Mjerumani wa miaka 43, Siegfried Müller. Muda si mrefu Ulaya nzima ilimjua kwa jina la Kongo-Müller. Amekufa zamani, lakini swali aliloliacha linawahusu bado wakaaji wa mashariki ya Kongo: mtu anayevuka bahari kuja kuua watu asiowajua anasukumwa na nini?

Askari asiye na jeshi

Müller alizaliwa tarehe 26 Oktoba 1920 katika mji wa Crossen, wakati ule Ujerumani, leo nchi ya Poland. Alikulia chini ya utawala wa Hitler, akapita katika umoja wa vijana wa chama cha Nazi, kisha akaingia vitani angali kijana. Alipigana Poland, Ufaransa na Urusi. Vita vilipokaribia kwisha alikuwa na cheo cha luteni na nishani ya Msalaba wa Chuma.

Ujerumani iliposhindwa mwaka 1945, alishikwa na Waamerika na kukaa kifungoni hadi 1947. Baadaye alitumika katika vikosi vya kazi vya jeshi la Marekani huko Ujerumani. Jeshi jipya la Ujerumani Magharibi lilipoundwa, aliomba kuingia, akakataliwa. Alikwenda jangwa la Sahara kutegua mabomu yaliyobaki ardhini tangu vita, na mwaka 1962 akahamia Afrika Kusini ya ubaguzi wa rangi.

Kamina, mlango wa vita

Mwaka 1964 waasi wa Simba waliteka sehemu kubwa ya mashariki. Albertville, leo Kalemie, ilianguka mwezi wa Juni, na Jason Sendwe, kiongozi wa Balubakat na rais wa jimbo la Katanga Kaskazini, akauawa pale. Stanleyville, leo Kisangani, ilianguka tarehe 5 Agosti. Waasi nao walimwaga damu nyingi: makarani, walimu na watumishi wa serikali waliuawa mbele ya watu.

Waziri mkuu Moïse Tshombe aliamua kuita mamluki. Kwa Baluba wa Kamina neno hilo halikuwa geni. Mwaka 1960 na 1961, wakati wa kujitenga kwa Katanga, askari wa Tshombe pamoja na mamluki wa Kizungu walikuwa wameshambulia vijiji vyao. Sasa Wazungu wengine walikuwa wanafundishwa vita kwenye kambi iliyo karibu nao, safari hii kwa jina la serikali ya Kongo nzima. Kanali Mbelgiji, Frédéric Vandewalle, alipanga vikosi, na Mike Hoare akaongoza Kommando ya 5. Marekani ilitoa ndege.

Müller alikuwa kwenye shambulio la kwanza la Hoare, kwa mashua juu ya ziwa Tanganyika kuelekea Albertville. Wajerumani wawili waliuawa huko. Kisha alikabidhiwa Kommando ya 52 na kutumwa upande wa Équateur, hadi Boende. Picha za waandishi wa habari zilizotoka katika vita ile zilionyesha mamluki wakijivunia mafuvu ya watu, na wafungwa wakiteswa na kuuawa. Müller mwenyewe alipigwa picha amevaa Msalaba wa Chuma wa zamani za Hitler juu ya nguo za jeshi la Kongo. Baadaye aliondolewa kwenye uongozi wa kikosi hicho, lakini aliondoka Kongo akiwa na cheo cha meja.

Mtu anayecheka

Mwishoni mwa 1965, waandishi wawili wa sinema, Walter Heynowski na Gerhard Scheumann, walimkaribisha mjini Munich kwa mazungumzo. Hawakumwambia kwamba wametoka Ujerumani Mashariki, nchi ya kikomunisti. Walimwekea pombe mezani. Alikunywa na kusimulia vita yake huku akitabasamu, bila kuonyesha majuto. Alijieleza kuwa mtetezi wa uhuru wa nchi za Magharibi dhidi ya ukomunisti. Sinema iliyotoka mwaka 1966 ilipewa jina la mtu anayecheka.

Hapo kila upande ukapata jibu lake. Kwa Ujerumani Mashariki, Müller alikuwa ushahidi kwamba Unazi unaendelea kuishi Magharibi. Kwa wengi wa Magharibi, alikuwa mlevi aliyenaswa na wachochezi. Wengine waliona mtu wa kutafuta pesa tu, na wengine ofisa aliyekataliwa kwao, ambaye Kongo ilimrudishia magwanda na watu wa kuamrisha.

Kila jibu lina ukweli wake, lakini yote yanamtazama yeye peke yake. Wajerumani waliokataliwa na jeshi walikuwa wengi, na hawakuja wote kuua Boende. Kilichomtofautisha ni kwamba serikali ilimpa mkataba, silaha na ruhusa, na hakuna aliyemuuliza hesabu. Alirudi Afrika Kusini akafia huko tarehe 17 Aprili 1983, akiwa na miaka 62, bila kupandishwa mahakamani kwa yaliyotendeka Kongo.

Wakaaji wa Goma waliona tena askari wa kukodiwa kutoka Ulaya miaka hii. Mwezi wa Januari 2025, mji ulipoanguka mikononi mwa M23, karibu Waromania 300 waliokuwa upande wa serikali walijisalimisha na kuvushwa kwenda Rwanda. Hao si Müller, na hawashitakiwi hapa kwa makosa yake. Lakini tangu 1964 kuna maswali ambayo mkaaji ana haki ya kuyauliza kabla ya kuchunguza moyo wa mwenye bunduki: nani amesaini mkataba wake, anamtii nani, na akiua raia atajibu mbele ya mahakama gani?

Maisha ya Müller yameandikwa vitabuni na kuwekwa kwenye sinema. Watu ambao mafuvu yao yalionyeshwa kwenye picha zile hawakuandikwa hata majina.