Katharine Hepburn: mdada wa suruali aliyeipeleka vita ya mke na mume mpaka mto Ulanga

Wadau wa Lushoto, Soni, Mlalo, Bumbuli na kote mliko, leo siasa na mpira tunaviweka pembeni. Tuzungumzie muvi za zamani za mapenzi na vichekesho, zile za mke na mume wanaopendana sana lakini kutwa wanagombea nani awe na sauti ndani ya nyumba. Ukizigusa hizo huwezi kumkwepa Katharine Hepburn, Mmarekani aliyefariki mwaka 2003. Na huyu mama anatuhusu, maana moja ya filamu zake zinazopendwa sana hadithi yake imewekwa huku huku kwetu, enzi za Mjerumani, wakati mji wetu wa Lushoto ukiitwa Wilhelmstal.

KUZALIWA NA MALEZI

Alizaliwa tarehe 12 Mei 1907 mjini Hartford, jimbo la Connecticut. Baba yake alikuwa daktari. Mama yake, ambaye naye aliitwa Katharine, alikuwa mwanaharakati wa kudai wanawake wapige kura, haki iliyoingia kwenye katiba ya Marekani mwaka 1920. Baadaye mama huyo akasimama na Margaret Sanger kupigania uzazi wa mpango, wakati ambapo hata kulitaja jambo hilo mbele za watu ilikuwa aibu. Kwa hiyo binti alikulia nyumba ambayo mwanamke anabishana na mwanaume mezani na hakuna anayeshangaa. Alipokuwa mdogo alikata nywele fupi na kujiita Jimmy, jina la kiume.

Mwaka 1921 likaja pigo. Kaka yake mkubwa, Tom, alifariki akiwa na miaka 15, na Katharine ndiye aliyemkuta. Nyumbani jambo hilo halikuzungumzwa. Kwa miaka mingi alitumia tarehe ya kuzaliwa ya Tom, 8 Novemba, kama yake mwenyewe. Ukweli aliuweka wazi kwenye kitabu cha maisha yake kilichotoka mwaka 1991.

MUME NDIYE ALIYEBADILI JINA

Alimaliza chuo cha Bryn Mawr mwaka 1928, na mwaka huo huo akaolewa na Ludlow Ogden Smith. Kina kaka hapa kaeni vizuri: aliyebadili jina ni mume! Bibie hakutaka kuitwa Kate Smith, aliliona jina la kawaida mno. Jamaa akayapindua majina yake, akawa S. Ogden Ludlow. Ndoa ilivunjika mwaka 1934 na Hepburn hakuolewa tena. Uzeeni alikiri kwamba mume yule alimtendea wema mwingi na kwamba yeye alikuwa mbinafsi.

Kwenye sinema aliingia mwaka 1932, na filamu ya Morning Glory ya mwaka 1933 ikampa tuzo yake ya kwanza ya Oscar. Lakini alikuwa kivyake vyake. Alivaa suruali wakati wanawake wengi wa Hollywood walitakiwa kuonekana na magauni, na waandishi wa habari hakuwabembeleza. Inasimuliwa kuwa studio iliwahi kumfichia suruali yake ili avae sketi, naye akakatiza kazini na nguo za ndani mpaka wakairudisha. Si mchezo!

Mwaka 1938 wenye majumba ya sinema walimweka kwenye orodha ya waigizaji waliowaita sumu ya biashara. Mwaka huo alikuwa ametoka kucheza Bringing Up Baby na Cary Grant, kichekesho cha mwanamke msumbufu mwenye chui wa kufugwa. Leo wataalamu wanakihesabu miongoni mwa vichekesho bora kabisa, lakini wakati ule hakikulipa.

Angekuwa mwingine angeolewa na tajiri akapotea. Hepburn alijilipia akatoka kwenye mkataba, akarudi jukwaani. Mwaka 1939 alicheza tamthilia ya The Philadelphia Story, ya mwanamke aliyeachika ambaye anataka kuolewa tena, mara mume wa zamani anatokea siku chache kabla ya harusi. Alikubali kulipwa sehemu ya mapato badala ya mshahara. Tajiri Howard Hughes, aliyewahi kuwa mpenzi wake, akamnunulia haki za kuifanya filamu. MGM walipoitaka hadithi hiyo ikabidi wamchukue na yeye. Filamu ikatoka mwaka 1940, ikavunja rekodi, na ile sumu ikageuka asali.

SPENCER TRACY ANAINGIA

Mwaka 1942 ilitoka Woman of the Year. Stori yenyewe Hepburn ndiye aliyeipeleka kwa wakubwa wa MGM na kupatana nao bei. Anacheza mwandishi wa siasa mwenye jina kubwa. Spencer Tracy ni mwandishi wa michezo wa gazeti hilo hilo. Wanagombana kwenye kurasa, wanapendana, wanaoana, halafu ndoa inayumba kwa sababu mke ana shughuli nyingi kuliko mume.

Mwisho wa filamu hiyo ndio uliozua mjadala. Baada ya kuonyeshwa kwa majaribio, wakubwa waliagiza mwisho mpya. Mwanamke yule msomi, anayeongea na mabalozi, anaingia jikoni kumpikia mumewe chai ya asubuhi na kila kitu kinamshinda. Kahawa inafurika, unga unaumuka mpaka unamwagika, watu wanacheka. Hepburn mwenyewe hakuupenda mwisho huo. Alikuwa ameuza hadithi ya mwanamke sawa na mwanaume, wakamrudishia hadithi ya mwanamke anayefundishwa adabu na jiko.

Mambo yalikuwa tofauti kwenye Adam's Rib ya mwaka 1949. Walioiandika ni mke na mume, Ruth Gordon na Garson Kanin, na iliongozwa na George Cukor. Tracy ni mwendesha mashtaka, Hepburn ni wakili wa kujitegemea, na ni mtu na mkewe. Mwanamke mmoja amemfuma mumewe na hawara, akampiga risasi na kumjeruhi. Tracy anatakiwa ahakikishe anafungwa. Hepburn anaamua kumtetea, hoja yake ikiwa kwamba mwanaume angefanya hivyo hivyo watu wangemwelewa. Mchana wanararuana mahakamani, usiku wanakutana chumba kimoja. Mke anashinda kesi, na nyumba nusura ivunjike. Mwishoni mume anatumia machozi ya uongo kumrudisha, yaani anaiba silaha ambayo siku zote walisema ni ya wanawake. Hakuna aliyepigwa chini moja kwa moja, na ndiyo maana filamu hiyo bado inaangaliwa.

HEPBURN NA NCHI YETU

Mwaka 1935, kwenye milima yetu hii ya Usambara, pale Vugiri, ulianzishwa mradi wa kutengeneza filamu za kuwafundisha Waafrika afya, kilimo na kuweka akiba. Mpaka mwaka 1937 zilitengenezwa filamu 35, zikazungushwa kwa lori Afrika Mashariki na kwingineko. Mwaka huo huo wa 1935 Mwingereza C. S. Forester alitoa riwaya ya The African Queen, hadithi ya Afrika Mashariki ya Mjerumani mwaka 1914. Mto anaousimulia ameupa jina la Ulanga, ambalo ndugu zetu wa Morogoro wanalijua vizuri.

Mwaka 1951 mwongozaji John Huston aliifanya filamu. Hepburn, akiwa na miaka 44, alicheza Rose, dada wa mmisionari Mwingereza. Wajerumani wanachoma kijiji, kaka mtu anafariki, na Rose anaondoka na Charlie, fundi mlevi mwenye kiboti kibovu, ambaye ni Humphrey Bogart. Yaani mama wa kanisa na mlevi kwenye boti moja! Rose anamwaga pombe yote mtoni, anashika usukani na kumwambia Charlie kwamba wanakwenda kuizamisha meli ya Wajerumani. Mwanaume ndiye anayejua injini, mwanamke ndiye anayejua wanakokwenda. Mwishoni, karibu kabisa kunyongwa, wanamwomba nahodha Mjerumani awafungishe ndoa kwanza.

Hadithi haikutoka hewani tu. Vita vilipoanza mwaka 1914, wamisionari Waingereza wa UMCA waliokuwa Magila na Korogwe, chini tu ya milima yetu, waliwekwa kizuizini na Wajerumani. Na meli ya Wajerumani ya Ziwa Tanganyika, Graf von Götzen, ni kweli iliwindwa. Wajerumani wenyewe waliizamisha mwaka 1916, Waingereza wakaiibua mwaka 1924 na kuiita Liemba.

Kamera lakini hazikufika Tanganyika. Walipiga picha Kongo kwenye mto Ruiki, kisha Uganda, upande wa Butiaba na maporomoko ya Murchison, na sehemu nyingine studio Uingereza. Huston na Bogart walikuwa wanywaji wa wiski. Hepburn akachukizwa, akawaonyesha mfano kwa kunywa maji tu. Matokeo yake maji yakamtia ugonjwa wa kuhara akakonda vibaya, na walevi wakabaki wazima! Mwaka 1987 aliandika kitabu kizima kuhusu safari hiyo. Bogart alipata Oscar yake pekee kwa filamu hiyo.

Tusisahau hili pia: wenyeji kwenye filamu hiyo karibu hawasikiki. Wanaimba kanisani, wanachomewa nyumba, basi. Hepburn alipigania nafasi ya mwanamke mbele ya kamera, lakini mwanamke wa Kiafrika hakuwa na nafasi kwenye boti ile.

NYUMBANI MAMBO YALIKUWA TOFAUTI

Hepburn na Tracy walipendana zaidi ya robo karne na wakacheza filamu tisa, lakini hawakuoana. Tracy, Mkatoliki, alikuwa na mke, Louise, na hakumpa talaka. Huyu Louise naye si wa kupitwa hivi hivi: mtoto wao John alizaliwa kiziwi, na mwaka 1942 mama huyo alianzisha kituo cha kusaidia watoto viziwi na wazazi wao, kilichopewa jina la John Tracy.

Tracy alikuwa na tatizo la pombe. Yule mwanamke ambaye kwenye muvi hakubali kuamrishwa, kwenye maisha aliacha sinema karibu miaka mitano akimuuguza. Mwaka 1967 walicheza Guess Who's Coming to Dinner, ya wazazi wazungu ambao binti yao anamleta mchumba mweusi, Sidney Poitier. Tracy alikuwa mgonjwa kiasi kwamba Hepburn na mwongozaji waliweka rehani malipo yao ili kazi iendelee. Tracy alifariki tarehe 10 Juni 1967, siku 17 tu baada ya kumaliza kazi. Siku mbili baadaye Mahakama Kuu ya Marekani ilifuta sheria za majimbo zilizokataza ndoa za weusi na weupe. Kwenye mazishi Hepburn hakwenda, kwa kuiheshimu familia.

Filamu hiyo ilimpa Oscar ya pili. Ya tatu ikaja kwa The Lion in Winter, ya nne kwa On Golden Pond ya mwaka 1981. Hakuna mwigizaji mwingine aliyefikisha Oscar nne za uigizaji. Alifariki nyumbani kwake Connecticut tarehe 29 Juni 2003, akiwa na miaka 96.

Sasa wadau, wapo wanaosema Hepburn alijisaliti kwa kumtumikia mume wa mtu. Wapo wanaosema kujitegemea ndiko huko: kuchagua mwenyewe, hata ukichagua kumuuguza mtu. Mimi naona alipokuwa na karatasi ya mkataba mkononi hakuna aliyemwandikia mwisho asioutaka. Kwenye mapenzi hakuna mkataba wa namna hiyo, na aliyelipa gharama si yeye peke yake, Louise naye alilipa.

Kina dada, kina kaka, mnaonaje? Kwenye ile kesi ya Adam's Rib, ungekuwa hakimu ungemfunga yule mama au ungemwachia? Tiririka hapo chini. Matusi hayatapita.